Mtetea aliyekuwa mkubwa wa banda ametoka matibabuni, na sasa anapigwa na wa mwisho

MamaBanda (Kihonda, Morogoro) anauliza:

Ndugu wafugaji, salaam. Nilikuwa na majike tisa na jogoo mmoja, wote ninawafuga nyuma ya nyumba katika banda la mita mbili kwa tatu, na kila siku ifikapo saa kumi alasiri huwafungulia wachakure uani mpaka jua linapokuchwa. Sifugi kwa biashara. Mayai ni ya nyumbani, na yakizidi huwauzia majirani. Kwa kuwa kuku wenyewe ni wachache na mimi hushinda nyumbani, nimewazoea mmoja mmoja, na ninaweza kusema bila kutia chumvi kwamba hakuna wawili wanaofanana tabia.

Mkubwa wao alikuwa Hakimu, jike jeusi la aina ile tunayoiita Malawi. Nilimpa jina hilo kwa sababu hakuwa na haja ya kupigana na mtu. Akifika kwenye chombo cha chakula wenzake walimpisha wenyewe, na ikitokea mmoja amechelewa kupisha, Hakimu aliinua shingo tu, akamtazama kwa jicho moja, na mambo yakaishia hapo. Aliyemfuatia ni Kidoti, mwenye madoadoa, ambaye ni kinyume chake kabisa, kwani yeye hudona huku akipiga kelele, na humwandama mwenzake hata pale mwenzake alipokwisha kukimbia. Yupo Mpitanjia, asiye na ugomvi na kuku yeyote, ambaye akishakula hupenya chini ya ua na kwenda kutaga kwenye kuni za jirani. Wa mwisho alikuwa Kishingo. Huyu alikula baada ya wote, alilala kwenye ncha ya kichanja karibu na mlango kunakoingia upepo, na kwa miaka miwili aliishi kwa wizi, yaani kunyakua kipande na kukimbilia nyuma ya pipa la maji.

Mwezi uliopita Hakimu alianza kuchechemea. Nilipomgeuza nikaona unyayo mmoja umevimba na una kigaga cheusi katikati. Mtaalamu wa mifugo alimsafisha, akamfunga kitambaa, akaniagiza nimweke peke yake mahali pakavu mpaka kidonda kifunge. Nikamweka stoo kwa siku kumi na sita. Katika siku hizo hizo nilikwenda sokoni, nikapenda tembe watatu, yaani majike machanga yasiyoanza kutaga, nikawanunua na kuwaingiza bandani mchana ule ule.

Siku niliyomrudisha Hakimu, alisimama mlangoni kama mtu anayeingia nyumbani kwake. Kabla hajapiga hatua tatu, Kishingo, naam, Kishingo yule yule, alimjia mbio, akamrukia kifuani na kumdona kichwani mara tatu au nne. Hakimu, ambaye sikuwahi kumwona akirudi nyuma, aligeuka na kuingiza kichwa katika kona ya ukuta, akabaki amesimama hivyo mpaka nilipoingia kumtoa.

Leo ni siku ya tano. Hali mpaka nisimame karibu na kuwazuia wengine. Hatagi, na upanga wake wa kichwani uliokuwa mwekundu umesinyaa na kupauka. Nimejaribu kumtoa Kishingo nje kwa siku nzima, nimejaribu kumlisha Hakimu mkononi mbele ya wenzake ili wajue kwamba ana mwenyewe, na wala sijaona badiliko. Isitoshe, mmoja wa wale tembe ameanza kunyonyolewa manyoya juu ya mkia, pamebaki ngozi tupu ya ukubwa wa sarafu. Je, Hakimu amesahauliwa? Anaweza kurudi kwenye nafasi yake? Na je, nimwondoe Kishingo moja kwa moja? Mama mkwe anasema suluhisho liko jikoni, ila watoto wamegoma.

Firigisi_Yangu (Mombasa) anajibu:

Dada, pole na hongera kwa kuwajua kuku wako hivyo. Usimuuze Kishingo kwa hasira. Mimi niliwahi kumuuza jike mmoja mkorofi aliyenikosesha usingizi, nikarudi nyumbani nikijipongeza, na kabla ya jua kuchwa cheo kilikuwa kimepata mwenyewe, tena mwenye mdomo mkali kuliko yule wa kwanza. Wale waliokuwa wametulia chini yake walianza kupigana upya wote, na kwa siku kadhaa nilikosa mayai. Kuhusu ushauri wa mama mkwe sina la kuongeza, isipokuwa kwamba kuku aliyetoka kutibiwa asiliwe mpaka muda wa dawa umalizike mwilini, kwa hiyo watoto wana hoja.

MzeeMifugo (Dodoma) anajibu:

Mama Banda, mimi ni ofisa ugani mstaafu, na nimetembelea mabanda mengi ya nyuma ya nyumba kuliko ninavyoweza kuhesabu. Umeleta mambo mawili kana kwamba ni jambo moja, na ukiyatibu pamoja hutafanikiwa hata moja. Yanayompata Hakimu ni habari ya ukubwa. Yanayompata yule tembe si ukubwa hata kidogo.

Nianze na ukubwa. Mtu wa kwanza kuliandika jambo hili kwa utaratibu wa kisayansi ni Mnorwe aitwaye Thorleif Schjelderup-Ebbe, ambaye alianza kuwatazama kuku akiwa bado mtoto, na mwaka 1922 akachapisha kwa Kijerumani maelezo ya jinsi kila kuku anavyojua nani amdone na nani amwogope. Alichokigundua ni kwamba mambo hayo huamuliwa kati ya wawili wawili. Kidoti na Mpitanjia walikwisha kupimana zamani, labda kwa pigano moja au kwa kutazamana tu, na tangu siku hiyo mmoja hupisha na mwingine hupita. Kila wawili katika banda lako wana makubaliano yao. Ndiyo maana banda lililokaa muda mrefu bila kuchanganywa huwa na utulivu, kwani vita vilikwisha kupiganwa, na kinachobaki ni kukumbushana kwa shingo na jicho, kama alivyokuwa akifanya Hakimu. Banda ambalo kila wiki anatoka huyu na kuingia yule hudonana zaidi, na kuku wake hula kidogo na kutaga kidogo.

Sasa makubaliano hayo yanategemea kutambuana, na kuku humtambua mwenzake hasa kwa kichwa na shingo, yaani uso, upanga na manyoya ya shingoni. Waliofanya majaribio ya kubadilisha sura ya upanga au rangi ya manyoya ya shingoni waliona kuku huyo akishambuliwa na wenzake kana kwamba ni mgeni, hali hajaondoka bandani. Kutengana nako hufuta. Siku moja au mbili si kitu, lakini wakifikisha wiki mbili au tatu bila kuonana, wengi hulazimika kupimana upya. Hakimu wako alikaa siku kumi na sita. Tena upanga wa jike hujaa damu na kuwa mwekundu anapotaga, na husinyaa anapoumwa au anapoacha kutaga, na wenzake wanausoma upanga huo vizuri kuliko wewe na mimi. Kwa hiyo aliyesimama mlangoni siku ile, machoni pa wenzake, hakuwa mkubwa wao anayerudi nyumbani. Alikuwa mgeni mwenye sura ya mgonjwa, ambaye kwa bahati mbaya anatembea kama mwenye nyumba.

Unashangaa kwamba aliyemrukia ni Kishingo. Mimi sishangai. Katika mabanda niliyoyaona, anayemvamia mgeni kwa ukali zaidi mara nyingi ni yule aliye chini kabisa, maana ndiye mwenye mengi ya kupata akipatikana wa kukaa chini yake. Na usisahau kwamba katikati ya hapo uliingiza tembe watatu, wachanga, wasiojua kupigana. Kishingo alikuwa amekwisha kuonja ushindi mara tatu kabla Hakimu hajatokea. Kuku aliyeshinda jana hupigana leo kwa moyo mwingine.

Yale uliyoyafanya kwa nia njema hayakusaidia. Kumtoa Kishingo siku moja hakufuti chochote, anarudi jioni akiwa yule yule. Kumlisha Hakimu mkononi mbele ya wenzake hakumpi cheo, kwa sababu wao hawahesabu wewe uko upande wa nani. Kinachotokea ni kwamba unawakusanya wote mahali pamoja wakati wa kula, na hapo ndipo mahali pabaya kuliko pote kwa aliye dhaifu.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na ukitazama vizuri, ile kamba ilikuwa na maana. Kuku akifungwa kwenye kigingi uani siku kadhaa, wenyeji humzoea sura na yeye huijua nyumba. Kasoro ya kamba ni kwamba aliyefungwa hawezi kukimbia, na kuku asiyeweza kukimbia huumia. Tumia wavu. Kata kona moja ya banda kwa wavu wa kuku, mweke Hakimu humo na chakula chake na maji yake, waonane mchana kutwa bila kugusana, kwa siku saba hadi kumi. Usimweke peke yake. Mweke na Mpitanjia, kwa sababu kwa maelezo yako hana ugomvi na kuku, na siku watakapotoka watatoka wawili. Ukifika wakati wa kuwaachia, usiwaachie ndani ya banda. Waachie uani saa ile ya kuchakura, kila mmoja akiwa na mahali pa kukimbilia, halafu giza likiingia walale pamoja.

Wakati huo rekebisha na nyumba yenyewe. Hukusema una vyombo vingapi vya chakula, lakini kwa namna unavyosimulia ninahisi ni kimoja. Weka viwili au vitatu, na uviweke mahali ambapo kuku mmoja hawezi kuvilinda vyote kwa wakati mmoja, kwa mfano kimoja nyuma ya lile pipa. Maji vivyo hivyo. Kichanja cha kulalia kiwe na urefu wa kutosha, sentimita kumi na tano hadi ishirini kwa kila kuku, na ukiweza viwe viwili vya kimo kimoja, kwa maana kikiwapo kimoja kilicho juu wote watakigombea hicho.

Nije kwa tembe wako. Kuku anayedai ukubwa hudona kichwani na shingoni, kutoka mbele, na mwenzake akiinama au akikimbia humwacha. Anayenyonyoa manyoya ya mgongoni na juu ya mkia huja kwa nyuma, taratibu, na mara nyingi huyala yale manyoya. Hiyo ni tabia ya kuchakura iliyopotea njia. Kuku ameumbwa kushinda akichakura, na mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, lakini wako wanakaa ndani tangu alfajiri hadi saa kumi, wamekwisha kula pumba yao asubuhi na hawana la kufanya. Wape kazi. Ning'iniza fungu la mchicha au majani ya mapapai kwa kimo cha kuwafanya wanyooshe shingo, mwaga punje chache kwenye matandazo ya sakafu wazitafute, na kama chakula chao ni pumba tupu, changanya dagaa waliosagwa au mashudu ya alizeti, kwani upungufu wa protini nao huchochea kudonoana. Inua manyoya ya huyo tembe utazame utitiri. Na siku utakapoona damu, mtoe saa hiyo hiyo, maana rangi nyekundu huwavuta wote, wakubwa kwa wadogo, na hapo wanaweza kumla akiwa hai.

La mwisho ni lawama ndogo. Kuku wa sokoni hawaingizwi bandani siku ile ile. Watengwe wiki mbili au zaidi, mbali, ukihudumia wenyeji kwanza na wageni baadaye, na wote wapate chanjo ya kideri kwa wakati wake. Safari hii umebahatika.

Kuchi_wa_Tabora anajibu:

Mzee amemaliza karibu yote, naomba niongeze kuhusu mbegu na kuhusu majogoo.

Mimi ninafuga kuchi, na kila ninaposoma kwamba tabia za kuku ni mambo ya chakula na nafasi tu, huwa ninatabasamu. Kuchi ana tabia yake ya kuzaliwa. Ni mrefu, anasimama wima, upanga wake ni mdogo, na vifaranga wake huanza kupimana vifua mapema mno, mpaka mgeni akidhani wana kichaa. Katika kuku wa kawaida nafasi hujipanga polepole kati ya wiki ya sita na ya kumi hivi, lakini kwangu ninalazimika kuyatenganisha mapora, yaani majogoo machanga, kabla sijachelewa, kwa sababu jike la kawaida likishindwa hukimbia na mchezo ukaisha, ilhali pora la kuchi likishindwa hurudi tena. Kwa hiyo, Mama Banda, siku utakapotaka kuongeza kuku, uangalie na damu ya unayemleta, usiangalie rangi peke yake. Ukiwaweka Malawi wapole pamoja na majike yenye damu ya kuchi, hakuna wavu utakaokusaidia.

Jambo la pili, naona hukumtaja jogoo wako katika kesi hii, na hukukosea. Majogoo wana ngazi yao na majike wana ngazi yao. Jogoo mzima kwa kawaida hadai nafasi kwa majike kwa kuwadona, na kwangu nimewaona mara nyingi wakiingia katikati ya majike wawili wanaopigana na kuwatenganisha. Lakini hawezi kumrudishia Hakimu kiti.

Kuhusu majogoo wenyewe kuna jambo lililonifurahisha. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walichapisha kwamba majogoo wakikaa pamoja, mkubwa wao ndiye anayewika kwanza alfajiri, kisha wengine wanamfuata kwa mpangilio wa ukubwa wao, na mkubwa akiondolewa, wa pili ndiye anayeanza. Niliposoma nilikumbuka jogoo mmoja mkubwa sana niliyeletewa kutoka Sikonge, ambaye alikaa kwangu siku tisa bila kutoa sauti, mpaka nikadhani nimeuziwa mgonjwa. Siku ya kumi nilimchinja jogoo wangu mzee, na alfajiri iliyofuata yule mgeni aliwika mpaka jirani akalalamika. Tunasema jogoo la shamba haliwiki mjini, nami nilikuwa nikidhani ni maneno ya kuwasimanga watu tu.

Kuna na hili la majike. Jike la chini kabisa likiangua, hupanda. Nimeona jike lililokuwa likipigwa na kila mtu likitoka na vifaranga wanane na kumtimua mkubwa wa banda mbele ya chakula, na vifaranga wakishaachishwa, cheo kile kikayeyuka, likarudi chini kama zamani. Kwa hiyo kama una haraka na Hakimu, mwachie aatamie.

MamaBanda anajibu:

Shikamoo Mzee, na ahsanteni nyote. Ni kweli, chombo kilikuwa kimoja. Nimeweka vitatu, na nimefuata habari ya wavu neno kwa neno, pamoja na Mpitanjia, ambaye alichukia kufungiwa kiasi kwamba alitaga yai la kwanza sakafuni kama mtu anayeandika malalamiko. Niliwafungulia uani siku ya tisa.

Kwa kuwa Mzee alisema mambo huamuliwa kati ya wawili wawili, nilichukua daftari la shule la mwanangu, nikawaandika majina juu na pembeni, na kwa siku nne nimekaa kwenye kigoda saa nzima jioni nikitia alama kila anapodonwa kuku. Kishingo amemdona Hakimu mara kumi na moja, na Hakimu hajarudisha hata mara moja. Hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni Kidoti. Siku ya kwanza alimjia Hakimu na kelele zake zote, Hakimu akainua shingo ile ile ya zamani, na Kidoti akasimama ghafla, akainamisha kichwa na kuanza kuchakura pale pale kana kwamba ameona kitu, wakati mimi niliyekaa hatua mbili ninajua hapakuwa na kitu. Tangu hapo Hakimu amemdona mara sita bila kujibiwa. Wakati huo huo Kidoti anaendelea kumdona Kishingo kama siku zote, mara nane.

Sasa nimechanganyikiwa. Kishingo anamshinda Hakimu, Hakimu anamshinda Kidoti, Kidoti anamshinda Kishingo. Nani mkubwa? Au nimekosea kuhesabu?

MzeeMifugo anajibu:

Marahaba, mama. Hukukosea, na daftari lako linafaa kutunzwa. Duara la namna hiyo hata yule Mnorwe aliliona kwa kuku wake na kuliandika. Sisi tunapenda kuwaza ngazi, mmoja juu ya mwingine kama safu ya maofisa, lakini kuku hajui ngazi. Anajua huyu nilimshinda, yule alinishinda. Kishingo alimkuta Hakimu siku ya ugonjwa na akashinda, basi kati yao wawili neno limekwisha, hata kama Hakimu amepona. Kidoti alipomkuta Hakimu alikuwa amekwisha kumwona siku tisa kwenye wavu na nguvu zimerudi, akakumbuka ya zamani. Na hakuna kilichobadilika kati ya Kidoti na Kishingo, kwa nini kibadilike?

Huenda duara likadumu miezi mingi, huenda likavunjika siku upanga wa Hakimu utakapojaa na akaamua kumjaribu Kishingo upya. Ukiona wanapigana siku hiyo, simama kando. Kupandiana vifua mara mbili tatu na kudonana kichwani si jambo la kuingilia. Ingilia tu ikiwa aliyeshindwa amekosa pa kukimbilia na anaendelea kupigwa, au akiacha kula. Na wale tembe je?

MamaBanda anajibu:

Mzee, tembe yule manyoya yameanza kuchomoza, yako kama miiba midogo ya kijivu. Nilikuta utitiri kwa wawili na nimewatibu. Mchicha unaning'inia kila asubuhi, na kufika saa nne imebaki kamba. Aliyekuwa akinyonyoa nimemjua baada ya kuvizia dirishani. Si Kidoti niliyemshuku tangu mwanzo, ni jike moja jekundu, pole, ambalo hata jina sikuwa nimelipa, na ambalo katika daftari langu halijamdona mtu hata mara moja.

Zimepita wiki tatu tangu niwaachie. Upanga wa Hakimu umerudi kuwa mwekundu, na juzi ametaga. Chakula anakula kwenye chombo cha nyuma ya pipa, pale pale Kishingo alipokuwa akijificha na vipande vyake vya wizi, na sijaona akigusa kile cha mlangoni. Hajamjaribu Kishingo. Wakikutana kwenye maji, Hakimu hungoja akitazama pembeni, Kishingo hunywa kwanza, kisha hupishana bila neno.

Ila usiku nimeona jambo ambalo sikulitegemea. Nilipitisha tochi mara tatu juma hili, na kila mara Hakimu yuko katikati ya kichanja, mahali pake pa siku zote, Kidoti yuko upande wake mmoja na Mpitanjia upande wa pili. Kishingo ana ruhusa ya kulala popote sasa, hakuna wa kumzuia isipokuwa Kidoti, na kichanja cha pili kina nafasi tele. Bado analala kwenye ncha ile ile karibu na mlango. Nimeuziba ule upenyo kwa kipande cha gunia.